Nani Humsemea Mtoto? Historia ya Mtoto katika Filamu za Afrika

Sisi walimu wa lugha tumezoea kuulizana habari za vitabu. Kila tunapokutana hatukosi kutaja riwaya ipi inafaa darasa lipi, tamthilia ipi ni ngumu mno, diwani ipi imeadimika madukani. Habari za filamu hatuulizani, kana kwamba filamu haina lugha ndani yake. Na hali wanafunzi wetu, kabla hawajafungua kitabu cha kwanza cha hadithi, wamekwisha kuona watoto wengi kwenye kioo cha televisheni: mtoto mwenye njaa, mtoto mwenye bunduki, mtoto anayeimba tangazo la sabuni. Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja tu katika historia ya filamu barani Afrika, nalo ni namna mtoto alivyonyimwa lugha na namna alivyopewa. Hatudai kuzimaliza filamu zote. Tumezichagua zile ambazo mwalimu aweza kuzitumia katika kufikiri juu ya kazi yake.

Historia hiyo haianzi na mtoto. Yaanza na mtu mzima aliyehesabiwa kuwa mtoto.

Mwaka 1935, katika milima ya Usambara, mahali paitwapo Vugiri, Waingereza wawili, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, walianzisha kazi ya kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika. Wazo lilitoka katika Baraza la Kimataifa la Wamisionari, na fedha zilitolewa na Shirika la Carnegie la Marekani. Hadi kufikia mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu fupi 35, nazo zilizungushwa kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Filamu zenyewe hazikuwa na sauti ndani yake. Maneno yalirekodiwa kwenye sahani za santuri, yakapigwa huku picha zikienda, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadhaa za nchi hizo. Zilihusu chai, kodi, minyoo, mbegu bora, akiba katika benki ya posta. Moja ilihusu malaria ya watoto wachanga. Kwamba mtoto mchanga hana la kusema, hilo si ajabu. La ajabu ni kuwa hata watu wazima waliomzunguka hawakusema. Sauti iliyosikika ilitoka kwenye santuri, wala haikutoka vinywani mwa watu waliokuwa wakionekana.

Nadharia iliyotawala kazi ya namna hii ilienezwa zaidi na William Sellers, bwana afya aliyeanza kutengeneza filamu huko Nijeria, kisha akawa kiongozi katika Kitengo cha Filamu za Makoloni kilichoundwa London mwaka 1939. Sellers aliamini kwamba Mwafrika asiyesoma hawezi kufuata picha kama Mzungu afuatavyo. Aonyeshwe kitu kimoja kimoja, polepole, picha zisirukeruke kutoka mahali hadi mahali, na mbinu za kamera ziachwe kabisa. Kisa kilichosimuliwa sana ili kuithibitisha nadharia hiyo ni kile cha mbu. Watazamaji walionyeshwa picha ya mbu aliyekuzwa hata akajaza pazia lote. Ilipokwisha, walisema kuwa kwao hakuna wasiwasi, maana mbu wa kimo kile hawako. Kisa hicho kilirudiwarudiwa vitabuni kama ushahidi wa akili changa. Sisi tukikisoma twamsikia mzee wa kijijini anayefanya mzaha, tena mzaha wa kwetu kabisa, na mwandishi hakuutambua.

Kitengo hicho kilidumu hadi mwaka 1955. Magari yake yalipita vijijini pamoja na mfasiri mwenye kipaza sauti, ambaye kazi yake ilikuwa kueleza kwa lugha ya mahali yale yaliyopita kwenye pazia. Wafasiri hao ni jamaa zetu katika kazi, nasi hatupendi kuwasahau. Mkubwa wao hakuijua lugha waliyoisema, kwa hiyo nafasi ya kutia chumvi walikuwa nayo. Miongoni mwa filamu walizozifasiri ilikuwamo moja ya mwaka 1940, iliyoonyesha maisha ya familia ya Bwana English nyumbani kwake Uingereza, baba na kazi yake, mama na nyumba yake, watoto na shule yao. Hapo basi mtoto anaonekana, naye ni safi, mtiifu, mwenye ratiba. Lakini ni mtoto wa Kizungu, na amewekwa awe kielelezo kwa mtu mzima wa Kiafrika.

Upande wa Kongo, mapadre wa Kibelgiji walikuwa na sinema zao. Padre Albert Van Haelst alitengeneza huko Kasai, katika miaka ya 1950, filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili, watu wazima wawili, mmoja mnene na mmoja mwembamba, wanaotumbukia katika mikasa kama watoto watundu na mwishowe hufunzwa adabu. Zilichekesha kweli, na wapo wazee waliozikumbuka kwa furaha. Hata hivyo, ukimtazama Matamata kwa makini, unamwona mwanafunzi mkubwa wa darasa ambalo halina siku ya kuhitimu.

Mambo haya yanatukumbusha filamu ya karibu zaidi, The First Grader ya mwaka 2010, juu ya Mzee Kimani Maruge wa Kenya. Mzee huyo alipigana katika Mau Mau, na mwaka 2004, akisema kuwa ana umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza pamoja na watoto ili ajue kusoma. Yeye alilikalia dawati la mtoto kwa hiari yake mwenyewe, na hiyo ndiyo tofauti yake na Matamata.

Katika makoloni ya Ufaransa mambo yalikuwa na sura nyingine. Huko ilikuwako amri ya mwaka 1934, iliyoitwa kwa jina la waziri Pierre Laval, ambayo ilimlazimu kila mwenye kutaka kupiga filamu aombe ruhusa ya serikali. Paulin Soumanou Vieyra, mzaliwa wa Dahomey aliyesomea sinema Paris, hakupata nafasi ya kupiga filamu yake Afrika. Kwa hiyo yeye na wenzake waliipiga kuko huko Paris mwaka 1955, wakaiita Afrique-sur-Seine, yaani Afrika iliyo kandokando ya mto Seine. Yasimulia maisha ya wanafunzi wa Kiafrika katika mji ule wa baridi. Lakini picha za kwanza kabisa hazionyeshi Paris. Zaonyesha watoto wa Kiafrika wakiogelea na kuruka mtoni. Waafrika hao walipoishika kamera, kitu cha kwanza walichokikumbuka kilikuwa utoto wao. Watoto wenyewe hawasemi neno, maana sauti ni ya mtu mzima anayekumbuka kwao. Na kama msomaji amewahi kuishi ugenini, atajua ni sauti ya namna gani.

Kisha akaja Ousmane Sembène wa Senegali, mwandishi wa riwaya na mpakuzi wa meli wa zamani katika bandari ya Marseille, ambaye baada ya kwenda Moscow kujifunza sinema alitengeneza Borom Sarret mwaka 1963. Ni filamu ya dakika zipatazo 20 juu ya siku moja ya mwenye mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Miongoni mwa abiria wake ni baba aliyebeba maiti ya mtoto wake mchanga. Wanafika makaburini, mlinzi anazikagua karatasi za yule baba na kukuta haziko sawa, naye anamkatalia kuingia. Mwenye mkokoteni anakiweka chini kimaiti kile na kwenda zake kwa sababu ana njaa na siku inapita. Jioni anarudi nyumbani bila mkokoteni wala senti, na mkewe anamkabidhi mtoto wao na kutoka akisema kuwa usiku huo watakula. Filamu inaishia hapo. Watoto wawili, mmoja maiti na mmoja wa kubebwa, na baina yao mji mzima unaotaka karatasi. Sembène hakutia hata tone la huruma ya kununulika katika tukio la makaburini. Kamera inasimama mbali, kama jirani mwenye haya.

Miaka mitatu baadaye, 1966, Sembène alitoa La Noire de..., filamu iliyopata Tuzo ya Jean Vigo mwaka uleule huko Ufaransa. Diouana, msichana wa Dakar, anachukuliwa na waajiri wake Wafaransa hadi Antibes, akidhani anakwenda kulea watoto. Kumbe anafanywa mtumishi wa kila kazi, hatoki nje, haongei na mtu, na mwisho anajiua. Kinyago alichowapa waajiri wake kama zawadi kinarudishwa Dakar pamoja na sanduku lake. Yule bwana anamfuata mama yake Diouana na kumpa fedha, mama anazikataa. Mtoto wa kiume wa nyumba ile anakichukua kinyago, anajivika usoni, na kuanza kumfuata yule bwana nyuma, hatua kwa hatua, katika vichochoro vya mtaa. Bwana anaongeza mwendo, na mtoto anazidi kumfuata. Bwana anaingia ndani ya gari na kukimbia. Ndipo mtoto anakishusha kinyago, na picha ya mwisho ya filamu ni uso wake.

Mtoto huyo hasemi, lakini kutosema kwake si kule kwa mtoto wa Vugiri. Mtoto wa Vugiri alitazamwa, huyu anatazama. Mtu mwenye hatia anamkimbia mtoto asiye na silaha yoyote isipokuwa macho. Tukiulizwa ni wapi mtoto wa Kiafrika alizaliwa katika sinema, tutajibu kwamba alizaliwa hapo.

Kusema kwenyewe, hata hivyo, kulichelewa. Na hapa yatubidi tukae kidogo, maana filamu tunayoijia ni hazina kwa mwalimu yeyote wa lugha.

Gaston Kaboré alisoma historia Ouagadougou na Paris kabla ya kuingia katika sinema. Mwaka 1982, katika nchi iliyoitwa wakati ule Volta ya Juu na ambayo tangu 1984 yaitwa Burkina Faso, alimaliza filamu yake ya kwanza ndefu, Wend Kuuni, katika lugha ya Kimoore. Hadithi inawekwa zamani, kabla ya kuja kwa Wazungu, katika himaya ya Wamossi. Mchuuzi apitaye porini anamkuta mtoto wa kiume amezirai. Anamnywesha maji, anamwuliza jina na kwao. Mtoto hajibu kwa sababu hana sauti. Mchuuzi anamwacha katika kijiji kilicho mbele, watu wa hapo wanatafuta jamaa zake bila mafanikio, na hatimaye mtu mmoja aitwaye Tinga anampokea kuwa mwanawe. Anapewa jina Wend Kuuni, maana yake Zawadi ya Mungu. Asiyeweza kusema hupewa jina na wengine.

Sehemu kubwa ya filamu ni maisha ya kila siku ya mtoto huyu bubu. Anachunga mbuzi, anauza vitambaa sokoni, anakula na wenzake. Hakuna amshikaye shingo ili aseme, wala amwitaye mpumbavu. Pognéré, binti wa nyumba ile, anaongea naye wakati wote kana kwamba anajibiwa, na anatamani mno kumfuata machungani ingawa kazi hiyo ni ya wavulana. Mwendo wa filamu ni wa taratibu, na mtazamaji aliyezoea filamu za ngumi atachoka. Sisi tulipoitazama mara ya kwanza tulichoka pia, na mara ya pili tukaona kuwa taratibu ile ndiyo malezi yenyewe.

Siku moja mtoto anasahau kisu chake machungani, anarudi kukichukua jioni, na huko anamkuta mzee wa kijiji amejinyonga mtini. Mzee yule alikuwa amefedheheshwa na mkewe kijana mbele za watu. Kwa mshtuko ule ulimi wa mtoto unafunguka. Anachokisema baadaye ni hadithi yake mwenyewe, naye anamsimulia Pognéré, mtoto mwenziwe, kabla ya mtu mwingine yeyote. Baba yake alikuwa mwindaji aliyekwenda asirudi. Mama yake alikataa kuolewa tena, wanakijiji wakamwita mchawi, wakawafukuza, na mama akafa chini ya mti huku mwanawe akiwa karibu naye. Mtoto aliamka, akaona, akakimbia, sauti ikamwisha.

Wengine wamesema kwamba filamu hii yatukuza Afrika ya kale. Sisi hatukubali. Kaboré aliipeleka hadithi nyuma ya ukoloni, mahali ambapo lawama haiwezi kutupiwa Mzungu, na hapo akamweka mtoto awe shahidi wa dhuluma waliyoifanya watu wa kwao wenyewe. Wakati uleule anaonyesha kijiji kingine cha watu walewale, wa lugha ileile, ambacho kinampokea mtoto wa ugenini bila kumdai hata neno. Filamu hiyo ilipata tuzo ya César ya filamu bora ya nchi zinazotumia Kifaransa mwaka 1985.

Tunayo sababu ya kuisema filamu hii kwa urefu. Katika madarasa yetu hapa Burundi wamepita watoto wengi waliorudi na wazazi wao kutoka kambi za wakimbizi Tanzania. Baadhi yao walikijua Kiswahili kuliko Kirundi cha shuleni, na Kifaransa hawakukijua kabisa. Wakawekwa dawati la nyuma, wakakaa miezi bila kufumbua mdomo. Katika shule moja ambayo hatuitaji, mtoto wa namna hiyo aliandikwa katika ripoti kuwa ni mzito wa akili. Aliyeandika ni mmoja wetu. Siku mwalimu wa Kiswahili alipouliza swali kwa Kiswahili, mtoto yule alisimama na kusimulia jinsi kambi ilivyohamishwa, kwa mpangilio ambao wengi wa wanafunzi wa mwaka wa juu hawauwezi. Ripoti ilikuwa imekwisha kupelekwa kwa mkuu wa shule.

Turudi katika historia. Mwaka 1989 Idrissa Ouédraogo, wa Burkina Faso pia, alitoa Yaaba. Humo mtoto Bila na binamu yake Nopoko wanafanya urafiki na Sana, ajuza anayekwepwa na kijiji chote kwa kushukiwa uchawi. Bila anamwita yaaba, yaani bibi. Ni neno moja tu la ukoo, nalo linamrudisha katika jamii mtu ambaye jamii ilimfuta. Anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake kwamba maneno ya heshima na ya ukoo yana nguvu kuliko sarufi yake, atafute filamu hii. Na mwaka 1997 Kaboré alirudi na Buud Yam, ambamo Wend Kuuni amekuwa kijana na anazunguka nchi akitafuta mganga wa kumtibu Pognéré. Aliyeigiza ni Serge Yanogo yuleyule aliyekuwa mtoto mwaka 1982. Buud Yam ilipata tuzo kubwa ya tamasha la FESPACO mjini Ouagadougou mwaka huohuo. Ni nadra sana katika sinema za Afrika kumwona mtoto akiachwa akue.

Wakati Wend Kuuni alipokuwa akipata ulimi katika kumbi chache za sinema, televisheni za dunia zilikuwa zikionyesha mtoto mwingine wa Afrika. Tarehe 23 Oktoba 1984, shirika la BBC lilitangaza taarifa ya Michael Buerk juu ya njaa ya Ethiopia, kwa picha zilizopigwa na Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi. Picha zile ziliisukuma dunia kutoa misaada, na hatuna haki ya kumlaumu aliyezipiga. Watu walikuwa wakifa, naye alisema kwa njia aliyoijua. Lakini umbo lililoachwa na picha zile limedumu katika televisheni hadi sasa: uso wa mtoto, inzi, ukimya, na juu yake sauti ya mtu mzima anayesema Kiingereza. Tuliyemwona Vugiri amerudi, safari hii kwa rangi na kwa setilaiti.

Mmoja wa watoto wa njaa ile, Birhan Woldu, alipigwa picha na televisheni ya Kanada akidhaniwa kuwa anakata roho, na picha yake ikaonyeshwa katika tamasha la Live Aid tarehe 13 Julai 1985. Tarehe 2 Julai 2005, katika tamasha la Live 8 mjini London, alipanda jukwaani akiwa mwanamke kijana aliyekwisha kusomea kilimo. Mamilioni ya watu waliufahamu uso wake kwa miaka 20 kabla ya kulijua jina lake.

Jibu la umbo hilo, kwa maoni yetu, lilitoka Dakar. Djibril Diop Mambéty alifariki mwaka 1998, na filamu yake ya mwisho, La Petite Vendeuse de Soleil, yenye dakika 45, ilionyeshwa mwaka 1999. Sili ni msichana anayetembea kwa magongo. Bibi yake kipofu huimba barabarani na kuomba. Sili anaona wavulana wakiuza magazeti, anauliza kwa nini wasichana hawauzi, na asubuhi inayofuata anakwenda kuchukua nakala zake za gazeti la Le Soleil. Wavulana wanamsukuma, wanamwibia gongo, na rafiki yake anambeba mgongoni. Hakuna msimulizi wa kutueleza jinsi ya kumhurumia. Sili anapiga kelele za kuuza gazeti, anajibizana na polisi, na anapocheza na mwavuli alionunua kwa pesa zake mwenyewe mtazamaji anasahau kabisa kwamba alikusudia kusikitika.

Katika nchi zetu za Maziwa Makuu hadithi ina mgogoro wake wa lugha. Filamu ya Rebelle, iliyotolewa mwaka 2012 na Kim Nguyen wa Kanada, ilipigwa Kongo. Komona, msichana aliyetekwa na waasi akiwa na umri wa miaka 12, ndiye msimulizi, naye anamsimulia mtoto aliye tumboni mwake. Hapo sauti ya juu ya picha, iliyokuwa siku zote ya mtu mzima, imekabidhiwa mtoto. Rachel Mwanza, aliyekuwa ameishi mitaani Kinshasa kabla ya kuchaguliwa kuigiza, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Berlin mwaka huo. Tunaithamini filamu hii. Hata hivyo twaona kwamba mtoto wa vita, kwa kurudiwarudiwa katika filamu za nchi za nje, amekuwa kama sare ambayo kila mtoto wa Kongo hulazimishwa kuivaa akitaka kuonekana. Kwa upande mwingine Queen of Katwe ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair, inamwonyesha Phiona Mutesi, msichana wa kitongoji cha Kampala aliyekuwa bingwa wa mchezo wa sataranji. Ni filamu ya furaha na akili. Lakini watoto wa Katwe wanazungumza Kiingereza wao kwa wao, wakipachika maneno machache ya Kiganda kama viungo katika pilau. Tunajua sababu ni soko. Mtoto wa Kaboré, bubu kwa zaidi ya nusu ya filamu, alipozungumza alizungumza Kimoore.

Kiswahili nacho kimeanza kupata watoto wake. Supa Modo, filamu ya Kenya ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Likarion Wainaina, yasema Kiswahili, Kikikuyu na Kiingereza kama watu wanavyochanganya kweli. Jo ana umri wa miaka tisa na ana ugonjwa usiopona. Mama yake anamtoa hospitalini amrudishe nyumbani, dada yake anakishawishi kijiji kizima kimfanye aamini kwamba ana nguvu za ajabu kama mashujaa wa filamu anazozipenda, na mwishowe wanakijiji wanatengeneza filamu yake. Mtoto huyo anakufa, na filamu haifichi. Lakini kabla ya kufa amekwisha kuchagua yeye mwenyewe jinsi ya kuonekana. Katika televisheni, kikundi cha Ubongo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 2014 kurusha katuni za Ubongo Kids kwa Kiswahili, kisha Akili and Me, juu ya msichana wa miaka minne anayeishi karibu na mlima Kilimanjaro, na katuni hizo zimetiwa sauti katika lugha nyingine pia, Kinyarwanda kikiwamo. Wapo wenzetu wanaolalamika kuwa katuni hizo zina hesabu nyingi na hadithi kidogo. Yawezekana. Lakini tumewasikia watoto wa Buyenzi wakiigiza sauti ya Akili barabarani, na Kiswahili walichokitumia kilikuwa na upatanisho sahihi wa ngeli, jambo ambalo sisi tunalipigania kwa chaki mwaka mzima.

Mwaka juzi tuliwaonyesha wanafunzi wetu dakika za mwisho za La Noire de..., tukazima sauti, kisha tukawataka waandike kwa Kiswahili, kwa ukurasa mmoja, maneno ambayo mtoto yule angeyasema anapokishusha kinyago. Wengi waliandika hotuba juu ya ukoloni na utumwa, zenye methali mwanzoni na methali mwishoni, kama tulivyowafundisha. Mwanafunzi mmoja aliandika mstari mmoja tu: Kinyago nimekipokea, dada yuko wapi? Zoezi lilidai ukurasa mzima. Tulikaa na karatasi ile siku mbili kabla ya kuitia alama.